Mpangaji wa Kuni Mbichi

Siagi ndiyo iliyotoa taarifa ya kwanza. Dalali aliiweka juu ya jiko la chuma asubuhi ili ilainike, akaisahau, akatoka uani kupasua kuni, na aliporudi adhuhuri akaikuta ngumu vilevile, alama ya kidole chake ingali juu yake kama muhuri. Wala moto haukuwa umezimika. Ndimi zake zilionekana kwenye kijidirisha cha kioo, za manjano, zikililamba gogo kwa bidii. Akaweka kiganja juu ya bamba la jiko, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu haweki kiganja. Lilikuwa baridi kama benchi la mahakama.

"Mkwe," aliita, "njoo uguse hapa."

Mkwewe alikuja na koti juu ya koti. Alikuwa karani katika baraza la mji, idara ya miti na bustani, na kazi hiyo ilikuwa imemzoeza kutogusa kitu kabla hakijapita kwa mkubwa wake. Akaliangalia jiko. Akaiangalia siagi.

"Labda ni hewa, Mama. Na hizi kuni mbichi nazo..."

"Kuni mbichi zimefanya nini?"

"Nilisema tu, Mama. Zilitaka mwaka mzima zikauke."

"Na mwaka tunao?"

Hawakuwa nao. Binti wa Dalali alikuwa amejifungua kabla ya siku zake, na mtoto, njiti wa kike mwenye vidole kama njiti kweli, alikuwa bado hospitali, amefungwa kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Uzito wa kuruhusiwa alikwisha kuufikisha. Kilichobaki ni Sista, muuguzi mkuu wa wodi ile, mwanamke aliyeziamini mashine kuliko watu, ambaye alikataa kumtoa mtoto mpaka aje mwenyewe na kipimajoto chake akakague chumba. "Nyumba yenu naijua," aliwaambia. "Siku moja nilipita nje yake tu, nikapata mafua." Angekuja keshokutwa asubuhi. Akikuta baridi, mtoto angebaki wodini. Na wodini, tangu juzi, watoto walikuwa wameanza kukohoa mmoja baada ya mwingine. Binti alipiga simu, akasema kwa sauti ya mtu anayeficha kilio chooni, "Mama, kitanda cha jirani yetu kimekuwa kitupu."  

Kwa hiyo nyumba ilipaswa kupata joto, na nyumba yenyewe ilikuwa ya kale, ya kuta za mawe, imekaa mgongoni mwa kilima ambako ukungu uliingia mlangoni bila hodi kama ndugu wa mume. Dari ilikuwa juu mno kiasi kwamba joto lote lililopatikana lilikwenda kuishi huko na halikuonekana tena.

Dalali, hilo ndilo lililokuwa jina lake mjini, na alilipata kihalali. Kwa miaka ya utumishi wake alikuwa dalali wa mahakama: yule anayefika na karatasi mkononi na wapagazi nyuma yake kuwatoa watu kwenye nyumba walizogoma kuzihama. Hakuwa mkatili. Alikuwa mtu wa utaratibu. Kabla hajagusa hata kigoda, alisimama mlangoni akasoma notisi kwa sauti, mara tatu, awepo mpangaji au asiwepo, awe kiziwi au awe dirishani anamtukana. "Mtu anaweza kunyimwa nyumba," alizoea kusema. "Taarifa hanyimwi." Wapo aliowahamisha ambao hadi leo walimsalimu barabarani.

Na zile kuni zilitoka kwenye mti mkubwa wa uani, ambao hakuna aliyewahi kuujua jina. Baraza la mji lilikuwa limeamuru ukatwe kwa kuwa uliinamia barabara, kisha likakataza usikatwe bila kibali, kisha kibali kikatoka kikiwa na saini ya bwana yuleyule aliyekataza. Mkwe ndiye aliyekigongea muhuri. Mti ukaangushwa. Shoka lilipouingia ulitoa maji mengi, mekundu kidogo, yenye harufu ya chumba kilichofungwa siku nyingi na mtu akiwa ndani. Mkata miti akasita. Dalali hakusita. Alibeba gogo la kwanza mwenyewe, kifuani, likimlowesha nguo, akaliingiza ndani huku akisema, "Moto hauulizi umri."

Moto ulikuwa sasa unamjibu.

Jioni hiyo waliketi mbele ya jiko, mabega yamepanda masikioni, wakizitazama kuni zikilia. Kuni mbichi hulia. Kila aliyewahi kuzipikia anajua. Ncha za magogo hutoa povu, povu huchemka, maji hufoka na kupiga mluzi mwembamba, na joto lote ulilolitarajia huishia kuyachemsha maji yao wenyewe. Dalali alijua hayo na hayakumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba mluzi ule ulikuwa unakatika, kisha unaanza tena, kisha unakatika, na katika kila mkatiko hewa iliyo puani mwake ilivutwa kuelekea kwenye jiko.

"Mama," mkwe alinong'ona. "Kuni zinavuta pumzi."

"Kuni hazina mapafu."

"Ndiyo, Mama. Ndiyo maana nasema."

Kutoka kwenye dohani kulidondoka kitu kizito cheusi, masizi mabichi kama lami, tone moja, halafu jingine. Na ndani ya mluzi, kwa sauti ya mwanamke ambaye hajazungumza na mtu kwa muda mrefu na anayatafuta maneno moja moja kama anayetafuta chenji, kukasikika: *Nina... baridi.*



"Umesikia?" mkwe alisema bila kufungua mdomo.

"Nimesikia. Na mimi ninayo. Mwambie ajiunge na foleni."

Lakini mkono wake ulikuwa umeshika mkono wa kiti kwa nguvu, na mkwe aliuona, na kwa kuwa alikuwa mkwe mwenye adabu akajifanya anaangalia dari.

Akainuka ili apate la kufanya, akaenda chumba cha pili, walikotayarisha kitanda cha mtoto, kusoma kipimajoto cha ukutani. Dalali akasikia hatua zake zikiingia, zikasimama, zisitoke.

"Mama. Njoo taratibu."

Chumba kilikuwa na baridi hata pumzi zao zilionekana. Kitanda kidogo kilisimama katikati, kimetandikwa shuka aliyoishona Dalali mwenyewe. Katikati ya godoro palikuwa na bonde. Si bonde kubwa: la urefu wa mkono tangu kiwiko hadi ncha za vidole. Shuka ndani yake ilikuwa imelowa maji mekundu kidogo. Dalali aliingiza mkono. Katika nyumba nzima, kuanzia sakafu ya mawe hadi siagi, pale tu ndipo palipokuwa na joto. Joto la kitanda ambacho mwenyewe ameinuka mara moja kwenda kunywa maji, na anarudi.

*Akija,* ilisema sauti kutoka kwenye jiko la chumba walichotoka, sasa bila kutafuta maneno, *tutalala wawili.*

Asubuhi mkwe alimleta mtaalamu. Alikuwa bwana nadhifu wa makamo mwenye mkoba wa ngozi, na shingoni alining'iniza kibali cha kufukuza majini kilichopigwa mihuri minne, mmojawapo wa idara ya mifugo. Dalali alikisoma chote, mbele na nyuma, kwa kuwa hakuweza kujizuia.

"Muhuri wa mifugo ni wa nini?"

"Waliishiwa na muhuri wao, mama yangu. Tuendelee na kazi?"

Akaendelea na kazi, na ni haki kusema aliijua. Alisoma dua katika kila pembe, sauti yake ikiwa imetulia. Akafukiza ubani, nao moshi wa ubani, badala ya kupanda, ukalala chini, ukatambaa sakafuni kama mjusi, ukaingia kwenye mlango wa jiko. Sauti ya kusoma kwake ikashuka. Alipofika kwenye kitanda cha mtoto, akakitazama muda mrefu, akafunga mkoba kabla hajasema neno.

"Wanaoingia wenyewe mimi nawafukuza," alisema polepole. "Huyu hakuingia. Alibebwa. Nani alimbeba?"

"Mimi," Dalali alisema.

"Basi ni mgeni wako. Mgeni hatolewi na mtu baki, hutolewa na aliyemwingiza, kwa mikono ileile. Na kila gogo mnaloliweka motoni mnamchomea chumba kimoja. Vikiisha vyumba vyake vyote, atabakiwa na kimoja tu." Hakukionyesha. Macho yake yalikuwa juu ya kile kitanda. "Fanyeni haraka, mama yangu. Au hameni."

Alitoka upesi kidogo kuliko mtu anayetembea. Kofia yake ilibaki kwenye msumari wa mlango.

"Tuhame," alisema mkwe. "Mama, nakuomba. Kwa kaka yangu kuna chumba."

"Kaka yako ana watoto sita na mbuzi bafuni. Sista atampima nani, mbuzi?"

"Basi tufanye nini?"

Dalali akaketi. Alikuwa amehamisha watu maisha yake yote. Hajawahi kuhamishwa, na aliona amechelewa mno kujifunza. Akafikiri kama alivyofikiri kazini, kwa kurudi nyuma hatua moja moja hadi pale jambo lilipopindia.

"Mkwe. Yule mpangaji wa mtini, alisomewa?"

"Nani, Mama?"

"Kabla ya mti kukatwa. Notisi ilisomwa?"

Mkwe alisafisha koo. "Baraza lilibandika tangazo."

"Wapi?"

"Kwenye ubao. Ofisini kwetu. Ghorofa ya pili."

"Naye alikuwa anaishi wapi?"

Mkwe aliangalia viatu vyake. "Kwenye mti, Mama."

"Kwenye mti. Na mimi, mtu mzima, niliyewasomea hadi viziwi, nikapita na shoka bila hata hodi. Kuni hukaushwa mwaka kwa nini, unadhani? Nilidhani ni kwa ajili ya moto. Kumbe ni mpangaji apate muda wa kuhama." Akainuka, akakunja mikono ya sweta. "Zima jiko."

"Mama, Sista anakuja kesho. Tukizima..."

"Linapasha nini? Zima."

Walianza alasiri. Mkwe alichomoa magogo yaliyoungua nusu kwa koleo, yakitoa mvuke, akayabeba kwenye ndoo. Akabeba yale ya pembeni mwa jiko, ya ukumbini, ya chini ya ngazi, na yalikuwa mazito kuliko yalipoingia. Dalali aliyapanga mwenyewe uani, safari hii kama inavyotakiwa: juu ya mawe yasiguse udongo, ganda likitazama juu, na nafasi kati ya gogo na gogo ili upepo upite. Juu akaweka bati, pembeni akaacha wazi. Jua lilipokuwa linazama nyuma ya ukungu rundo lilikuwa limesimama, na kwa kweli lilifanana na nyumba, tena nzuri kuliko baadhi alizozifunga kufuli.

Kikabaki kitanda.

"Nikusaidie, Mama," alisema mkwe. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Wewe shika mlango usijifunge. Na lolote utakalolisikia, usiitike."

Akaingia. Bonde lilikuwepo, na sasa lilikuwa na kina zaidi. Akapitisha mikono chini ya kile ambacho macho hayakukiona, kama anayempokea mtoto kwa mkunga, akanyanyua, na mikono ikashuka kwa uzito, uzito wa gogo lililokatwa leo, lenye maji hadi kwenye kiini. Kitu kile kikajikunja kifuani mwake. Kilikuwa cha moto. Maji yakamshuka tumboni, kwenye sketi, hadi viatuni. Akageuka, akaanza kutembea, na kwa sauti ileile aliyoitumia mbele ya milango ya mji mzima akaanza kusoma, ingawa mikono ilikuwa imejaa na karatasi haikuwepo:

"Wewe uliyekuwa ukikaa mtini, jina lako halijulikani, unaarifiwa kwamba mti huo uliangushwa kwa amri halali, ingawa ya kipumbavu, kwamba ulitolewa bila taarifa, na kosa hilo ni langu, kwamba unapewa rundo lililo uani ukae humo mpaka kuni zikauke, na zikikauka uondoke, na kwamba ndani ya nyumba hii huna chumba, huna kitanda, huna mtoto."

Alikuwa ameanza mara ya pili alipofika ukumbini, na hapo kitu kile kikaanza kulia, kilio chembamba kisicho na nguvu, kilio cha mtoto njiti ambacho Dalali alikuwa amekisikia mara moja tu kupitia kioo cha wodi na tangu siku hiyo akawa anakisikia kwenye kila bomba la maji na kila bawaba ya mlango, na miguu yake ikataka kusimama, na mikono ikataka kumbana kifuani na kumrudisha kitandani na kumfunika, lakini mdomo uliendelea, huna chumba, na kilio kikageuka kikawa sauti ya binti yake ikisema Mama, unampeleka wapi, Mama, nje kuna baridi, na mkwe pale mlangoni akafungua kinywa aitike, akakumbuka, akauma mkono wake mwenyewe akausokomeza mdomoni na kuendelea kuushikilia mlango kwa mgongo, na uzito ukaongezeka hatua kwa hatua, huna kitanda, na sauti ikaacha kuwa ya binti ikawa sauti za watu wengi, watoto wakiuliza tutalala wapi leo, wazee wakiomba waachiwe hadi kesho, sauti alizozijua zote, mlango kwa mlango, mtaa kwa mtaa, ambazo hakuwahi kuzijibu kwa kuwa utaratibu haukuwa na mahali pa kujibu, na Dalali, machozi yakimchuruzika bila yeye kuyapa ruhusa, akavuka kizingiti, akatia mguu kwenye nyasi zenye umande, akafika kwenye rundo akisoma mara ya tatu, na kwa maneno *huna mtoto* akaulaza mzigo ule katikati ya magogo, pale alipoacha nafasi.

Mikono ikawa miepesi. Bati juu ya rundo likagonga mara moja, kama mlango unaofungwa na mtu aliyekasirika.

"Ndiyo," alisema Dalali, akihema. "Kasirika. Ni haki yako. Lakini kasirikia humo."

Aliporudi ndani hakuketi. Alisimama mbele ya meza yake ya kazi, meza kubwa ya mbao ngumu aliyoinunua mahakama ilipouza samani chakavu, ambayo hakuruhusu mtu aiwekee hata kikombe. Ilikuwa imekauka kabla mkwe hajazaliwa. Akaipiga kwa kifundo cha kidole. Ikalia kama kengele.

"Mama, si hiyo," alisema mkwe, mkono wake ukiwa na alama za meno.

"Lete shoka. Imekula haki za watu miaka mingi, acha leo itoe kitu."

Mbao zile zilishika moto kana kwamba zilikuwa zinausubiri. Hazikulia, hazikutoa povu. Bamba la jiko lilianza kutoa mlio mdogo wa chuma kinachotanuka, siagi ikalegea, ikatanda, ikatiririka hadi sakafuni, na hakuna aliyekwenda kuifuta, maana walikuwa wamekaa wakiitazama kama watu walio kwenye sinema.

Sista alifika asubuhi, akatundika kipimajoto chake, akakataa kiti, akasubiri. Kisha akavua koti. Hakuna mtu mjini aliyewahi kumwona bila koti.

"Mtoto atalala wapi? Sioni kitanda."

Kitanda kilikuwa kimeifuata meza motoni usiku ule, kikawa majivu, godoro pamoja nacho. Dalali akasogeza mbele kitu pekee kilichosalimika kwenye ile meza: droo ya chini, pana, iliyotandikwa mablanketi. Sista akaikagua kwa kidole, akanusa, akabonyeza pembe zote.

"Kavu," alisema. Kwake hilo lilikuwa shairi. Na jioni ile mtoto wa mtu akalazwa ndani ya mtoto wa meza, akalala, na wodini wakaendelea kukohoa bila yeye.

Msimu wa jua ukaja, ukapita. Kuni za uani zilibadilika rangi, zikapasuka nyufa kwenye ncha, maganda yakadondoka yenyewe. Baridi iliporudi Dalali alitoka na kikombe cha chai, akaligonga gogo moja kwa jingine. Likalia kavu. Akagonga la pili, la tatu. Akalipangua rundo lote, na yote yalilia vizuri, isipokuwa moja la katikati. Hilo halikulia. Lilikuwa zito, limelowa, lina bonde upande wa juu, na alipoligusa lilikuwa na joto.

Nyuma yake, mlangoni, mjukuu aliyekwisha kujua kutambaa alikaa kwenye kizingiti, akalitazama gogo lile, akalipungia mkono kama watoto wanavyompungia mtu wanayemfahamu.

 Dalali akalibingirisha gogo lile kwa mguu mpaka mbele ya kizingiti, akalisimamisha wima katikati ya nyasi na mlango, akapanga sketi yake, akalikalia. Lilitetemeka chini yake. Akaweka sawa makalio, kama mtu anayekaa kwenye kiti chake mwenyewe, akanywa chai.

"Notisi inaendelea," alisema. "Mimi sina haraka."